Barafu ya Saa Sita

Siku baba yake alipozikwa, binti alitoka makaburini moja kwa moja hadi kwenye kitalu cha maua alichokitunza marehemu, ndoo ya barafu mkononi.

Msimamizi alimkuta mlangoni na toroli. "Pole sana, dada. Lakini maua haya ya mlimani tunayatupa leo. Nani atayapoza kila mchana kama watoto wenye homa?"

"Kule mlimani yamekwisha. Yamebaki haya manne."

"Mzee ameshaondoka, dada."

"Ameondoka yeye. Haya yapo."

Akalipindua toroli, akalikalia kama kigoda. Akapanga barafu kuzunguka kila shina mpaka vidole vikafa ganzi, udongo wa kaburi ungali kwenye kucha.

Msimamizi aliondoka mikono mitupu. Toroli bado liko pale, na kila saa sita mchana binti hulikalia.