Nyumba Isiyogawanyika

Siku Bi Siwema alipotoka eda, mashemeji zake walifika na fundi wa kupima kuta. Mkubwa wao, Haji Makame, alikwisha jichagulia chumba chenye upepo.

"Tusiandikie mate na wino upo, shemeji," alisema. "Tuiulize mashine."

Ndiyo sheria. Kila ndoa hupewa namba yake, ndefu hata ikiandikwa huzunguka kuta zote za sebule. Mume akifa, namba hupimwa kwa mashine. Ikigawanyika, mali na watu wa nyumba hugawanywa vivyo hivyo. Lakini ikiwa namba tasa, isiyokubali kugawiwa ila kwa moja na kwa yenyewe, basi hakitoki kitu wala mtu nyumbani humo.

Mashine ilijaribu, ikajaribu tena, hata kahawa ikapoa vikombeni. Mwisho ikatamka kwa upole: "Tasa."

Bi Siwema alisujudu pale pale, machozi yakilowesha mkeka. Nyumba imebaki! Mashemeji walitafuta viatu vyao wakaenda zao. Yeye akainuka, akachukua ncha ya kanga, akaanza kuipangusa tarakimu ya mwisho ukutani, ile saba iliyofifia kwa vidole vya wanawe.

"Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi."

Nyuma yake bintiye, Raya, alikuwa amesimama kando ya sanduku lake la harusi, hina mbichi mikononi.

"Mama," aliita. "Na mimi? Si naolewa Ijumaa? Nitatokaje?"

"Tushukuru kwanza, mwanangu," alijibu Bi Siwema. Akaendelea kuipangusa ile saba, wala hakugeuka.