Ijumaa Nani Atabeba Ndoo?

Povu lilikuwa limeshafika kwenye zulia, na mposaji hakujua kama anaruhusiwa kucheka.

Lilitoka kwenye tangi la samaki, lile la maji chumvi, lililokaa sebuleni kama mwanafamilia, na matumbawe yake ya zambarau na samaki wawili wanaojisikia kuliko wenye nyumba. Nyuma ya tangi kulikuwa na mtungi wa plastiki unaokoroma. Ndiyo skima yenyewe: kazi yake kupiga maji mpaka yatoe povu, ili uchafu unase humo na kutolewa. Leo ilikuwa inatoa hata uchafu ambao haukuwepo.

"Ni mpya," alisema mwenye nyumba, akitandika taulo chini. "Bado inazoea."

"Hata mimi," alisema mposaji.

Mke wa mwenye nyumba akajificha nyuma ya sinia la chai.

Mwenye nyumba hakucheka. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi cha heshima na miwani inayoning'inia puani, na siku hiyo alikuwa ameapa kununa mpaka jioni. Si kila siku mtu anakuja kukuomba mboni ya jicho lako aondoke nayo.

"Unakunywa?"

"Chai. Bila sukari."

"Usiku unarudi saa ngapi?"

"Usiku sitoki. Taarifa ya habari ikiisha, nimeshalala."

"Marafiki wabaya?"

"Nilikuwa nao. Wamepungua wenyewe."

"Wazazi wako wanasemaje kuhusu jambo hili?"

"Mpaka sasa hawajapinga."

Majibu mazuri mno. Mwenye nyumba akamtazama juu ya miwani, kama mtu anayeuziwa nyanya zisizo na doa hata moja. Shati jipya lenye mikunjo ya dukani, viatu vinang'aa, mikono juu ya magoti. Hakuna pa kumshika.

Basi akalitoa lile swali.

"Hebu niambie. Tangi kama hili, skima ni lazima au si lazima?"

Mposaji akatua kikombe. Mlangoni, alipokuwa anapangusa viatu, mke wa mwenye nyumba alikuwa amemnong'oneza: "Atakuuliza habari za skima. Ukisema si lazima, yeye hakupi mtu. Ukisema ni lazima, huyo mtu mwenyewe hakutaki tena. Wamenuniana wiki nzima. Mungu akutangulie."

Na kweli, kutoka jikoni, ambako mchumba alikuwa amejifungia anaosha sufuria zilizokwisha kuoshwa, ikaja sauti: "Tangi la samaki wawili! Ukibadilisha maji kila Ijumaa, skima ya nini? Lidude linakoroma kuliko wewe!"

"Namuuliza mgeni," alisema mwenye nyumba, kwa sauti ndogo ya mtu aliyezoea kushindwa na jikoni.

Mposaji akainuka kwa awamu mbili, nusu kwanza, kisha iliyobaki. Akalisogelea tangi, akachungulia. Maji maangavu, utadhani hayapo. Kando ya kabati zilikuwepo ndoo mbili, mpini wa moja umezungushiwa kitambaa ili usiumize mkono. Juu ya kabati, boksi la skima, gundi bado inanata.

"Hii umenunua lini?"

Mwenye nyumba akavua miwani, akaifuta. Ilikuwa safi. "Wiki iliyopita."

"Nilipoleta habari zangu."

"Kesho yake."

"Na miaka yote hii, ndoo anabeba nani?"

Mwenye nyumba akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Kila Ijumaa. Mimi nasimamia tu. Tunapiga soga, ananisema, ananichekesha, maji yanaisha hata sijui saa ngapi. Sasa ukimchukua, Ijumaa nitakaa na nani hapa? Na hili lidude?"

Kumbe! Skima ikaendelea kukoroma, haina adabu.

"Basi jibu langu ni hili," alisema mposaji. "Akiwepo, si lazima. Akiondoka, ni lazima. Nyote mko sahihi, mnagombana bure."

Jikoni sufuria zikatulia.

"Lakini Ijumaa haondoki mtu. Ijumaa tutakuja wote wawili, na ndoo moja nitabeba mimi." Akafikiri kidogo. "Nusu ndoo."

Mke ndiye aliyeanza kucheka, chai ikamwagika kwenye sinia. Kisha mwenye nyumba naye, pamoja na kiapo chake, kicheko kikamtoka puani, kikateremka mpaka kitambini, akalishika tangi asianguke. Samaki wakakimbilia kwenye matumbawe. Povu likapanda upya kama maziwa jikoni, na wote watatu wakalirukia kwa taulo, kwa mito ya kochi, kwa chochote, wakigongana vichwa na kucheka mpaka mbavu zikauma.

Mwishowe mwenye nyumba akauchomoa waya wa skima, akajifuta machozi, ya kicheko na yale mengine, akaenda kufungua mlango wa jikoni.

"Mama, nimeridhia. Olewa," alisema. Kisha akamgeukia mposaji, akainamisha kichwa kama mtoto wa shule. "Shikamoo, baba."