Taa ya Kiunoni

Siku hizo hakuna aliyeulizwa kama chakula kimemridhisha. Kila mtu alikula akiwa amevaa mkanda kiunoni, na mkanda ulisoma kemikali ambazo neva hupelekeana habari nazo tumboni. Asetilikolini ikitawala, tumbo limetulia linasaga, taa ya mkanda ni ya kijani. Noradrenalini ikipanda, tumbo limeingiwa na hofu, taa ni nyekundu.

Rukia, bibi harusi wa juzi, alikuwa akimpikia mama mkwe, Bi Mwanasha, kwa mara ya kwanza: wali wa nazi na mchuzi wa papa. Taa ya Bi Mwanasha ikawaka kijani.

"Nilikuja na maneno yangu," mkwe alicheka, "tumbo limenisaliti."

Rukia akashusha pumzi. Ndipo alipoona taa ya mumewe, Shaweji, ni nyekundu.

"Pilipili imezidi?"

"Hapana, mke wangu. Kitamu."

"Huo mkanda mbovu," Bi Mwanasha akadakia, akamgeukia Rukia. "Kaniletee maji, mwanangu."

Aliporudi na maji, kabla hajavuka pazia, Rukia aliona taa ya Shaweji ni ya kijani na matonge yanakwenda. Alipoketi, ikawa nyekundu.

Akataka kujua. Akasema amesahau ndimu, akatoka, akachungulia. Kijani. Shaweji alikuwa akijipakulia tena.

"Mbona hurudi, mpenzi?" aliita, mdomo umejaa. "Chakula kinapoa."

"Nakuja," akajibu Rukia nyuma ya pazia.

Kwa sauti hiyo tu, taa ikageuka nyekundu.