Soksi za Watu wa Angani

"Hatuna binti wa kumupa mutu anayepangaka soksi," alisema Mzee Sebineza, na ukumbi wa kanisa kule Cheektowaga, Amerika, ukaangua kicheko.

Aliwaacha wacheke. Mjinga hucheka kabla hajaelewa, na siku hiyo ukumbi ulijaa wajinga waliovaa tai. Mbele yake waliketi wazee waliokuja kumwomba Umuhoza, binti wa mdogo wake Kamanzi, aolewe na kijana wao Ndahiro. Sebineza alikuwa ameendesha gari kutoka Louisville kuja kuivunja posa hiyo.

Njiani alilala Columbus kwa rafiki yake Sipriani, ambaye mwanawe ni muuguzi, mtu wa maana. Alimpa mkono na neno lake: Umuhoza ataolewa katika nyumba hiyo. Asipolitimiza, hatakuwa na uso wa kukanyaga Columbus tena.

Na kazi yenyewe aliiona nyepesi. Kamanzi ndiye aliyempigia simu: "Kaka, wewe ndiye utawajibu. Usiwaachie kirahisi." Asubuhi hiyo binti naye alimkumbatia mlangoni akamnong'oneza, "Baba mukubwa, uwakazie kweli, eh?" Masikini, hata mtoto mwenyewe ameshajuta, aliwaza Sebineza. Yeye hakuwa mtu wa sherehe. Wenziwe walipokuwa wakichunga ng'ombe na kucheza kwenye harusi za milimani, yeye alikuwa shule ya bweni Bukavu akisoma Kilatini. Harusi za huku Amerika ndiyo kabisa, hakuwahi kuzikanyaga. Aliziona ni kelele za watu wasio na kazi.

"Mulituambia kijana anatumikaka mambo ya anga," aliendelea. "Bon. Mimi nikafika mwenyewe Jeffersontown, karibu na kwangu Louisville, ku ile depo anatumikaka. Nikamukuta anaingiza soksi ndani ya mufuko. Soksi, dawa ya meno, na maharagi ya kukauka."

Wakacheka tena, wengine wakipiga mapaja.

Msemaji wa akina Ndahiro, mzee mpole mwenye kofia, akasimama. "Mukubwa, ile mifuko inapandaka ku kituo cha angani, kule wanaanga wanaishi. Moja ikikaa mubaya, chombo inaenda upande. Kijana yetu ndiye anajua kuipanga."

"Hata mama wa soko anajua kupanga nyanya ndani ya ndoo. Na hicho chombo, shofere wake ni nani?"

"Haina shofere. Inajiendesha."

"Donc, hata kamioni ya kubeba makala ya kupikia kule Uvira inakishinda! Ile iko na shofere, iko na konvoyeri wa kushusha mizigo. Na kikishafikisha soksi, kinarudishaka nini?"

Mzee wa kofia alikohoa kidogo. "Wanakijaza takataka. Kisha kinaungua huko juu."

"Takataka!" Sebineza aliinuka kitini. Dharau ilikuwa imempanda hadi kooni, na hakuona sababu ya kuimeza. "Mumesikia wenyewe. Mumetoka mbali kuomba binti wetu, na kazi ya mutoto wenu mwisho wake ni jalala yenye kuwaka moto. Mimi sichezi hapa. Nasema mbele ya Mungu: mutu huyu ni bure, na waliomutuma ni bure. Mubebe viti vyenu, murudi kwenu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Msemaji akavua kofia na kuketi. Ndahiro aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa tai. Umuhoza alijifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika. Angalau sasa wameelewa, aliwaza Sebineza, ingawa imewachukua muda kama mbuzi. Akamtafuta Kamanzi kwa macho.

Kamanzi alikuwa analia. Alikuja akamkumbatia kaka yake kwa nguvu, kisha akawageukia watu.

"Miaka kumi na mbili tuko hapa Amerika," alisema, "na ile desturi ya kukataa wachumba kwanza, wasemaji wetu wanaisomaka ku telefone, kama watoto wa shule. Leo ndio nimesikia mutu anakataliwa vile wazee walikuwa wanamukataa kule nyumbani. Wakwe zetu, mumevumilia yote, hakuna mumoja aliyekasirika. Binti ni wenu."

Vigelegele vikajaa ukumbi. Kabla Sebineza hajafumbua kinywa, Ndahiro alikuwa amepiga magoti mbele yake na kuishika mikono yake yote miwili.

"Aksanti, baba mukubwa," alisema kijana. "Niliogopa utanihurumia."