Mto wa Mwisho

"Vuta na huo wa mwisho, mume wangu," bibi akaniambia mimi mjukuu wake.

Mito mingine nilikuwa nimeshaiondoa. Kwa miaka miwili bibi alilala ameketi kama abiria, maana kila akijinyoosha chali, uvimbe uliokuwa ndani ya moyo wake ulimkata pumzi. Haukuwa saratani, na daktari wa upasuaji aliutoa wote. Limebaki kovu kifuani, limenyooka kama zipu. Mchana huu tulitaka kuona kama kweli amepona.

"Sasa ukinifia hapa, nitamwoa nani?"

"Nani akutake wewe, hata shuka hujui kukunja? Vuta!"

Nikavuta. Kichwa chake kikatua kwenye godoro, akafumba macho. Nikainama kukitazama kifua. Kovu likapanda, likashuka, likapanda tena.

Kisha ukaja mkoromo. Ni uleule wa enzi zile nikiwa mdogo, nalala ubavuni pake. Nilikuwa nambana pua anyamaze, nikishindwa nahamia sakafuni huku nanung'unika.

Nikauweka mto sakafuni, nikajilaza taratibu, nisije nikamwamsha.