Sura Iliyofumba Mdomo

Palikuwa na Paa yatima aitwaye Chenda. Mama yake alikwenda bwawani kunywa maji, asirudi. Alipokua, Chenda naye akaenda bwawa lilelile. Maji yalikuwa yametulia tuli, na ndani yake akamwona mama yake akimtazama.

"Mwanangu," sauti laini ikatoka majini, "sogea."

Chenda akapiga hatua moja.

"Hiyo ni sura yako mwenyewe," akasema Kanga kutoka ukingoni, ndege asiyeamini jambo kabla ya kulijaribu. "Mwanga unatoka usoni mwako, unagonga maji, unakurudia machoni. Hebu tikisa sikio."

Chenda akatikisa sikio. Paa wa majini akatikisa lake papo hapo.

"Ananiitikia," Chenda akanong'ona. "Ni mama."

"Sogea, mwanangu. Nimekungoja sana."

Safari hii Chenda aliutazama mdomo. Sauti ilikuwa imesema, lakini mdomo wa majini ulikuwa umefumba, kama wake.

"Mama," akauliza, na mdomo wa majini ukafumbuka pamoja na wake, "mbona nikisema mimi unafumbua mdomo, na ukisema wewe umeufumba?"

Chini ya sura ile, macho mawili ya manjano yakafunguka. Chenda akaruka nyuma, na taya za Mamba zikafungana juu ya maji matupu. Sura ikavurugika, ikapotea.

Tangu hapo Chenda hunywa kwenye kijito kiendacho mbio, ambako maji hayatulii kiasi cha kuonyesha sura ya yeyote. Kiu humtoka. Hamu ya kumwona mama haijamtoka.