Viatu Vikavu hadi Sui Chau

"Zimebaki hatua kumi na nne!" Kamho aliingia kibandani mbio, nusura aangushe sufuria la uji wa mchele.

"Jana ulisema kumi na sita," alisema mama yake, akikoroga. "Vaa aproni, bwana harusi. Watu wana njaa."

Wateja wakaangua kicheko. Pale rasini hakuna aliyekuwa hajui habari ile. Kila malori yalipomwaga kifusi baharini, Kamho alikwenda kupima kwa macho maji yaliyobaki kati ya rasi na kisiwa cha Sui Chau, kisha akarudi kutangaza.

Yote yalianza kwa aibu. Miaka mitatu nyuma alivuka kwa mtumbwi kwenda kumposa Yuet-ngo, binti wa Mzee Shek, fundi mashua. Sasa Kamho ni mtu ambaye hata maji ya beseni yakitikisika, tumbo lake linahama. Alifika kwa mzee uso umemwiva kijani, akafungua kinywa atoe maneno ya posa, yakatoka mengine. Yote yalitua kwenye miguu ya Mzee Shek.

"Binti wa fundi mashua aolewe na huyu?" mzee alinguruma, kijiji kizima kikitazama. "Naapa mbele ya hekalu hili: utamwoa siku utakayofika hapa kwa miguu yako, viatu vikavu!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini Mzee Shek alijulikana kwa mambo mawili: mashua isiyovuja na neno lisilorudi. Yuet-ngo alilia, akanuna, akagoma kupika. Kiapo kikabaki pale pale.

Kisha serikali ikaja na ramani. Mlango ule wa bahari ungefukiwa, rasi na kisiwa viungane, na majumba yapande juu yake.

Siku hiyo Kamho alicheza barabarani na upawa mkononi. Ni mama yake aliyemtuliza. "Unacheza nini? Uwanja wa Mzee Shek umeelekea maji hayo hayo. Yakifukiwa, mashua zake atazishushia wapi? Kwenye uji wangu?"

Na kweli. Tangu lori la kwanza limwage mawe, kila Jumatatu mzee alivuka kuja rasini, akaketi mbele ya Bwana Mok, mwandishi wa barua pale sokoni. Alifoka, alipiga meza, huku Mok akiandika. Mwisho aligandamiza dole gumba kwenye karatasi kama anayeua mdudu, na barua ikaenda serikalini.

"Anasema nini?" Kamho alimbembeleza Mok, bakuli la uji wa bure mkononi.

Mok alipokea bakuli. "Siri ya mteja, kijana."

"Niambie tu kama ni mbaya."

"Naandika barua za watu mwaka wa thelathini huu. Hasira kama zile sijaziona."

Miaka miwili ikapita hivyo, na maji yakazidi kuwa membamba. Mwanzoni Kamho na Yuet-ngo walipungiana vitambaa vyekundu. Baadaye wakaweza kupigiana kelele. Zilipobaki hatua kumi na nne, wakawa wanazungumza kama watu wa meza moja, na pande zote mbili zikisikiliza bila haya.

Hapo ndipo malori yaliposimama. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata jiwe moja halikumwagwa.

"Kamho! Umekula?" Yuet-ngo aliuliza kutoka ng'ambo.

"Nitakulaje? Baba yako ameshinda!"

"Baba? Hata mimi hanisemeshi. Kutwa yuko ukingoni, macho barabarani."

"Anaomba yasirudi!"

"Wewe kula! Ukinikondea sikutaki!"

"Kula, mwanangu!" bibi mmoja wa kisiwani akadakia, na ng'ambo nzima ikapiga makofi.

Siku ya nne, asubuhi, ardhi ilitetemeka. Malori kumi na moja, kwa mstari! Hatua kumi na nne zikawa tisa, zikawa nne. Saa sita mchana jiwe la mwisho lilikaa mahali pake, na mtu mmoja akaanza kupiga ngoma ya hekaluni bila ruhusa ya yeyote.

Kamho akaondoka mbio, mti wa kubebea begani, mama yake nyuma ameshika ncha ya pili, na katikati yao nguruwe mzima wa kuchoma, zawadi ya posa, akiyumba, mwekundu kama harusi yenyewe.

"Polepole, mwehu wewe! Unamkimbiza nguruwe aliyekufa!"

"Ruka hapo, kuna dimbwi!" watu walimpigia kelele. "Kushoto! Kushoto!"

Aliruka, akapepesuka, akafika. Akainua mguu mmoja, kisha wa pili, ili kila mtu aone.

Mzee Shek alikuwa amesimama mbele ya uwanja wake, ambao sasa ulitazamana na mawe matupu. Aliinama, akapapasa soli kwa kidole, akakitazama kidole chake kwa muda mrefu. Yuet-ngo alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Vikavu," alisema mzee.

Shangwe ilipasuka. Lakini mtu mmoja alijipenyeza katikati ya watu. Alikuwa Injinia Lau, mkuu wa kazi ile, amekumbatia bunda la barua zenye alama ya dole gumba.

"Mzee Shek ni nani hapa?" aliuliza, akihema. "Ni wewe? Barua mia moja na nne, mzee! Haya, bahari tumemaliza. Nakuomba kwa heshima zote, usituandikie tena kwamba tunafukia polepole."

Mzee Shek aliiva mpaka masikioni.

"Funga mdomo wako," alinong'ona. "Mkwe wangu anasikia."